Mombasa: Ngome Isiyojaza Vituo vya Kura

Katika uchaguzi mkuu wa Kenya uliofanyika tarehe 9 Agosti 2022, Kaunti ya Mombasa, yenye wapiga kura 640,000 na ushei walioandikishwa, ilishika mkia miongoni mwa kaunti zote 47 kwa kiwango cha watu kujitokeza, kwani waliopiga kura walikuwa takriban 44% ilhali wastani wa taifa ulikaribia 65%. Hata hivyo, kaunti hiyohiyo haikuacha shaka inaegemea wapi: katika kura ya urais, Raila Odinga alipata zaidi ya kura 160,000 dhidi ya takriban 114,000 za William Ruto, na alikuwa ameshinda hapo pia mwaka 2013 na 2017. Mwelekeo wa kisiasa, yaani upande ambao wakazi huuunga mkono uchaguzi baada ya uchaguzi, na mwitikio wa kupiga kura ni mambo mawili tofauti, ingawa wanasiasa hupenda kuyachukulia kuwa moja wanapoliita eneo fulani ngome yao.

Asilimia ya waliojitokeza hupatikana kwa kugawanya idadi ya waliopiga kura kwa idadi ya majina yaliyomo katika daftari la wapiga kura, wala si kwa idadi ya watu wazima wanaoishi mahali hapo. Kwa kuwa sheria humtaka mtu apige kura katika kituo alichojiandikisha, aliyeandikishwa Likoni kisha akafuata kazi Nairobi bila kuhamisha jina lake huhesabiwa kuwa hakujitokeza Mombasa, na ndivyo anavyohesabiwa marehemu ambaye jina lake halijafutwa. Katika mji wa bandari, ambako vibarua huja na kuondoka kwa kufuata kazi, kasoro hii huwa kubwa, lakini haitoshi kuwa maelezo ya kila kitu, maana Nairobi nayo ni mji wa wahamiaji na mwaka huohuo ilivuka nusu ya walioandikishwa.

Sababu nyingine imo ndani ya ngome yenyewe. Pale chama kimoja kinapotawala, ushindani wa kweli huhamia kwenye mchujo, yaani uteuzi wa wagombea unaofanywa na chama kabla ya uchaguzi mkuu. Mwaka 2022 hata mlango huo ulifungwa kwa kiti cha ugavana wa Mombasa, kwa kuwa Suleiman Shahbal alijiondoa baada ya mashauriano ya viongozi wa ODM, chama cha Raila, na tiketi ikamwendea Abdulswamad Nassir bila wanachama kupiga kura. Ni vigumu kumlaumu mkazi anayeona kwamba neno limekwisha kabla hajaulizwa. Tena mwelekeo wa Pwani haukuanza na ODM: Shariff Nassir, babake Abdulswamad, alikuwa kigogo wa KANU, chama tawala, enzi za Rais Daniel arap Moi, na kabla yake Ronald Ngala aliwaongoza wengi katika chama cha KADU kudai majimbo, yaani serikali za mikoa zenye madaraka yake. Vyama vimebadilika, lakini malalamiko juu ya ardhi na juu ya mapato ya bandari yanayoishia bara yamebaki palepale, na kila aliyeyapigia kura bila kupata jibu ana sababu ya kubaki nyumbani safari ijayo.

Kisha likazuka jambo ambalo halikutokana na wapiga kura hata kidogo. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi 6 za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi, ambazo huzitumbukiza katika masanduku yanayotofautishwa kwa rangi ya vifuniko. Mombasa, siku ya tarehe 9 Agosti, sanduku la kifuniko cha buluu, ambalo ni la gavana, halikutumika, kwa sababu mkesha wa uchaguzi Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iligundua kwamba karatasi za kiti hicho zilichapishwa kwa makosa. Uchaguzi huo uliahirishwa mara mbili kabla ya kufanyika tarehe 29 Agosti, Abdulswamad Nassir alipomshinda Hassan Omar wa UDA, chama cha Ruto, na kwa hiyo kinyang'anyiro kilichowagusa wakazi kwa karibu zaidi kiliondolewa katika siku ambayo wengi wao wangetoka.

Kwa kuwa Ruto alishinda urais kwa tofauti ya kura 233,211, huku zaidi ya watu 350,000 walioandikishwa Mombasa wakiwa hawakupiga kura, ni rahisi kudai kwamba mji huo peke yake ungeyageuza matokeo. Hesabu haikubali. Iwapo waliobaki nyumbani wangegawanyika kwa uwiano uleule wa waliopiga kura, Raila angeongeza faida yake kwa kura 60,000 hivi, na pengo la kitaifa lingebaki zaidi ya 170,000.