Maji mafupi ya Nyumba ya Mungu

Perege na kambale wa Nyumba ya Mungu huliwa Moshi mwaka mzima, ingawa walaji wengi hawajawahi kulitia machoni bwawa lenyewe. Liko kusini mwa mji, kwenye tambarare kavu iliyo chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, na ufukwe wake unagusa wilaya za Moshi, Mwanga na Simanjiro. Lilijengwa miaka ya 1960 mahali ambapo Mto Kikuletwa, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unakutana na Ruvu utokao Ziwa Jipe. Maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 8, kisha hushuka kuelekea Pangani. Lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 140. Kwa mtu aliye ndani ya mtumbwi wa mbao, hilo ni ziwa kamili.

Hata hivyo linadharauliwa, kwa kuwa halina kina. Wastani wake ni mita 6 hivi, na wapo wanaoamini kwamba maji mafupi hayana hatari. Fizikia ya mawimbi inasema kinyume. Wimbi huanza kuhisi sakafu ya ziwa pale kina kinapopungua chini ya nusu ya urefu kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Mawimbi yaliyoachana mita 12 tayari yanakwaruza chini kwenye kina cha mita 6. Yakikwaruza hupunguza mwendo, husogeleana, na migongo yake husimama wima. Mtumbwi hauna nafasi ya kupanda na kushuka taratibu: kabla omo haijainuka kutoka wimbi la kwanza, la pili limeshamwaga maji ndani.

Upepo unaoyaamsha mawimbi hayo una uhusiano na mlima. Asubuhi Kilimanjaro huonekana wazi. Jua likipanda, miteremko hupata joto, hewa iliyo juu yake huinuka, na ile ya tambarare huvutwa kujaza pengo. Ndiyo maana adhuhuri kilele huwa kimejifunika mawingu. Upepo ukivuma kwa urefu wa bwawa badala ya kulikata kwa upana, hupata masafa marefu ya kulisukuma wimbi, na ng'ambo ya mwisho ndiko linakofika likiwa kubwa zaidi. Kwa hiyo nyavu zilizotegwa jioni ni heri zivutwe alfajiri, chombo kiwe ufukweni kabla jua halijawaka. Wingu jeusi likiwa na ngurumo, kurudi ni mara moja. Juu ya maji yaliyo wazi, mvuvi aliyesimama ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na radi hutafuta kirefu.

Kusimama kuna ubaya mwingine. Uzito ukiwa chini, chombo kikiinama hurudi chenyewe. Ukiwa juu, huendelea kuinama, na watu wakizidi hatari hukua. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichosajiliwa kubeba abiria 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara katika Ziwa Victoria. Watu zaidi ya 220 walifariki. Sijui kama kuna Mtanzania anayehitaji somo lingine kuhusu kujaza chombo kupita kiasi.

Maji yaliyoingia ndani ni mzigo wa hatari kuliko samaki, kwa sababu hayatulii. Lita 100 zina uzito wa kilo 100, na chombo kikilala kidogo zote hukimbilia upande ule ule, zikikilaza zaidi. Ndoo ya kuchotea ianze kazi mapema, maji yangali vidoleni.

Na mtu akitumbukia? Mwili wa binadamu una uzito unaokaribia sana ule wa maji unayoyasukuma, hivyo ili kichwa kibaki juu kunahitajika msaada wa kilo chache tu. Dumu tupu la lita 20, lililokazwa kifuniko, lina nguvu ya kubeba karibu kilo 20. Likifungwa kwa kamba ndani ya mtumbwi linaweza kuokoa hata wawili. Ila dumu linataka mikono yenye nguvu, na maji huondoa joto mwilini upesi mara 25 hivi kuliko hewa. Baada ya saa nyingi za usiku, vidole huachia. Jaketi okozi humshikilia hata aliyezimia. Mtumbwi wa mbao uliopinduka kwa kawaida huelea, na kuushikilia ni bora kuliko kuogelea kuelekea ufukwe unaoonekana karibu, hasa kwenye maji yenye mamba na viboko.

Nani anunue jaketi hilo? Nasema ni tajiri mwenye chombo, kama anavyonunua nyavu, badala ya kumwachia kijana anayelipwa kwa mgawo wa samaki. Na mikanda yake ifungwe tangu ufukweni, kwani jaketi lililo wazi hupanda hadi usoni mara tu mtu anapoangukia majini, na kulifunga ukiwa tayari unayameza maji ni kazi isiyowezekana.