Je, wajua? Chanjo ya kwanza ya homa ya ini B ilitoka kwenye damu yenye virusi

Virusi vya homa ya ini B vina tabia ya ajabu. Vikiingia kwenye ini, havitengenezi virusi kamili tu, bali pia maganda matupu kwa wingi mno. Kirusi kamili kina upana wa nanometa 42. Ganda tupu lina nanometa 22 na halina vinasaba, hivyo haliwezi kuzaliana wala kuambukiza. Lakini kinga ya mwili hulitambua ganda hilo kama adui. Hiyo ndiyo antijeni, na Baruch Blumberg wa Marekani na wenzake waliigundua katika miaka ya 1960 kwenye damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Mwaka 1976 Blumberg alipata Tuzo ya Nobel.

Ili maganda hayo yatumike kama chanjo, kazi ikawa kuyatenga na virusi hai. Mtaalamu Maurice Hilleman wa kampuni ya Merck alianza na utegili, yaani majimaji ya damu, wa watu wenye maambukizi. Utegili ulizungushwa kwa kasi kubwa katika mashine ya sentrifuji, ndani ya myeyusho mzito wa chumvi. Humo kila chembe husimama pale uzito wa myeyusho unapolingana na wake. Maganda, yakiwa mepesi kuliko virusi kamili, hujikusanya katika tabaka lao, nalo huchotwa peke yake.

Hilleman hakuridhika na hapo. Alitumia pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kuyeyusha protini nyingine za damu. Kisha urea, inayofumua protini. Mwisho formalini, inayoua vijidudu. Ganda lilivumilia yote matatu, ilhali virusi vilivyosalia viliangamizwa.

Chanjo hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Miaka mitano baadaye ikaja nyingine, ambayo antijeni yake hutengenezwa na hamira iliyopandikizwa jeni ya kirusi, bila kuhitaji damu ya mtu yeyote.

Leo watoto wa Kenya na Tanzania hupata kinga hii ndani ya chanjo ya magonjwa matano, wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Homa ya ini B huweza kuleta saratani ya ini, na njia ya kuizuia ipo. Mzazi, usikubali mwanao akose hata dozi moja.