Mwalimu Mmoja wa Kompyuta

Wazazi wengi wa Nachingwea na Ruangwa hujiuliza kwa nini mtoto wa Dar es Salaam asome kompyuta darasani, na wa kwetu aione kwenye steshenari tu, akipeleka barua ichapwe.

Kwanza tulielewe somo lenyewe. Katika mtihani wa Kidato cha Nne kompyuta ni somo la kuchagua, lenye sehemu ya nadharia na ya vitendo. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 nao una Sayansi ya Kompyuta tangu Kidato cha Kwanza. Lakini anayechagua kwanza ni shule. Isipokuwa na mwalimu wala mashine, somo haliingii kwenye ratiba, na mtoto hana cha kuchagua. Shule za kata, zilizoongezeka kwa kasi baada ya mpango wa MMES kuanza mwaka 2004, nyingi zilikosa hata walimu wa hesabu na fizikia, sembuse wa kompyuta.

Watu hutaja mashine, umeme, na vumbi letu hili. Ni kweli. Ama upande wa mwalimu hausemwi sana. Mwalimu wa Kiswahili akikwama, ofisini anao wenzake. Wa kompyuta mara nyingi yuko peke yake: hana wa kumuuliza, hana wa kuupitia mtihani aliotunga, wala wa kushika kipindi akiugua. Tena ndiye huyo huyo anayeitwa kuchapa mitihani ya shule nzima na kutengeneza printa! Ninyi mnaohifadhi mwajua: aliyehifadhi akakosa wa kumsikiliza, makosa humwingia naye asijue. Na fani hii haikai hivyo hivyo, kila mwaka ina mapya. Siku akihamishwa, somo huondoka naye, na waliofika Kidato cha Tatu hubaki njiani.

Upo mpango wa Serikali wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambamo walimu hukutana shuleni kwao na katika vikundi vya shule za jirani. Ni mpango mzuri, ila mwalimu wa kompyuta huenda asimpate mwenzake katika shule ya jirani. Pengine yuko wilaya nyingine. Ruangwa ilikuwa ndani ya Nachingwea hadi mwaka 1995, na ndugu bado tunatembeleana. Kwa nini walimu wa somo hili wa wilaya zote mbili wasihesabiwe kundi moja? Nachingwea kuna Chuo cha Ualimu. Wakikutana hapo hata siku mbili kila likizo, wakabadilishana mitihani na mazoezi ya vitendo, gharama kubwa itakuwa nauli na chakula. Bodi za shule zaweza kulijadili hilo. Nasi wazazi, kwenye kikao tukishauliza shule ina kompyuta ngapi, tuulize pia mwalimu akihama nani atashika vipindi vyake.