TRIUMVIRI: WATU WATATU JUU YA KITI KIMOJA

Vijana wetu wa sekondari wanakuta neno hili katika masomo ya historia. Maana yake ni nini? Ni Kilatini, lugha ya watu wa Roma wa zamani. «Tres» ni tatu, «viri» ni wanaume. Basi triumviri ni wanaume watatu waliopewa kazi moja. Wakiwa wawili, wanaitwa duumviri.

Hapo mwanzo halikuwa neno la watawala wakubwa. Kule Roma watatu wa namna hii walisimamia kuyeyusha shaba, feza na zahabu na kupiga sarafu. Sisi watu wa migodi tunaielewa kazi ile ya moto! Watatu wengine waliangalia buloko. Kila kundi na kazi yake, na mpaka wake.

Kisha tamaa ikaingia. Mwaka wa 60 mbele ya Kristo, Julius Caesar, Pompeius na Crassus walipatana kwa siri, wagawanye nguvu za serikali. Hakuna sheria iliyowaweka. Ni watu wa historia waliowapa jina lile nyuma. Kusudi urafiki ukazwe, Caesar alimwoza Pompeius binti yake Julia. Lakini Julia akafa mwaka wa 54, Crassus akauawa vitani mwaka wa 53. Kamba ikakatika. Mkwe na baba-mkwe wakapigana, na mwaka wa 48 Pompeius akashindwa, akakimbilia Misri, akauawa kule.

Caesar naye akauawa mwaka wa 44. Mwaka wa 43 sheria ikaweka triumviri wapya kwa miaka mitano: Octavianus, Antonius na Lepidus. Walianza na nini? Na orodha ya watu wa kuuawa! Antonius alikubali jina la mjomba wake liandikwe, Lepidus jina la ndugu yake. Hao wawili walipona, lakini Cicero, msemaji hodari, alikatwa kichwa.

Mwaka wa 36 Octavianus akamwondoa Lepidus. Mwaka wa 31 akamshinda Antonius kule Actium. Kwa watatu akabaki mmoja. Ndiye Kaisari Augusto tunayemsoma katika Luka 2.

Vijana, angalieni: watatu wa sarafu walikuwa na kazi ya kufanya, watatu wa kiti walikuwa na kitu cha kugawanya. Mutu akikuita mupatane, kwa biashara ao kwa ndoa, uliza kwanza: tunakutana kwa kazi gani?