Kazi, Mji na Jirani: Mafundisho ya Wito na Washarika Waliofungwa na Kazi Mpakani Tunduma

Utangulizi

Katika mafundisho ya Kilutheri neno "wito" limepewa mahali pa heshima. Twawafundisha wanafunzi wa Kipaimara ya kwamba mkulima, fundi, hakimu na mama mlezi humtumikia Mungu katika kazi zao sawasawa na mchungaji amtumikiaye madhabahuni. Fundisho hili ni jema, nasi hatukusudii kulipunguza. Lakini liko swali ambalo wachungaji wa mijini huulizwa mara kwa mara, wala halijibiwi kwa kulirudia fundisho hilo tu. Mtu aliyefungwa na kazi yake katika mji wenye gharama nyingi na msongo, mji ambao moyo wake umekwisha kuuchoka, je, ameitwa na Mungu kukaa humo, au amefungwa tu? Na akiuacha, je, amekimbia wito wake?

Kwa kawaida swali hili huulizwa juu ya Dar es Salaam, ambako sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Sisi twataka kulitazama kutoka mahali pengine, yaani Tunduma, mkoani Songwe. Huko kifungo cha kazi chaonekana waziwazi zaidi, kwa kuwa mji wenyewe umezaliwa na mpaka, na kazi iliyoko mpakani haiwezi kuchukuliwa kupelekwa kijijini.

Mji uliozaliwa na njia

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wanyamwanga wakajikuta wamegawanywa pande mbili. Hata hivyo, kilichoikuza Tunduma ni mambo yaliyokuja baadaye. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kuifikia bahari. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na barabara kuu ikatiwa lami. Leo shaba ya Zambia na ya Kongo hupita hapa kwa malori kwenda bandari ya Dar es Salaam, iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 900, na mafuta na bidhaa hurudi kwa njia ile ile.

Mwaka 2012 Halmashauri ya Mji wa Tunduma ilikuwa na watu 97,562. Mwaka 2022 walihesabiwa 219,309. Mkoa wa Songwe ulipotengwa na Mbeya mwaka 2016, makao makuu yake yaliwekwa Vwawa, katika nchi ya kahawa ya Mbozi, lakini umati uliendelea kuelekea mpakani. Huko wamo mawakala wa forodha, watumishi wa serikali waliopangiwa kituo, madereva na matingo wao, wapagazi, wabadilishaji wa shilingi na kwacha, mama lishe, na vijana waliotoka Ileje, Momba na mikoa ya mbali.

Maisha yao yana uzito wake. Chumba kilicho karibu na mpaka hutakiwa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Maji ya bomba yamekuwa shida ya miaka mingi, naye asiyeyapata hununua kwa ndoo. Malori hunguruma usiku na mchana, wala hayajui Jumapili. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili mzigo usikaguliwe mara mbili, lakini foleni ndefu bado huonekana. Hapa pana jambo la kutafakari: siku anazopoteza dereva katika foleni ndizo zinazomwuzia mama lishe chakula chake na kumpatia mwenye nyumba ya wageni mpangaji. Katika mji wa namna hii uchovu wa mmoja huwa mkate wa mwingine, na kila mmoja amefungwa na mwenzake kwa kamba ambayo si rahisi kuiona.

Vifungo vya namna tatu

Mshariki akisema, "Siwezi kuondoka Tunduma," yafaa mchungaji asikilize kwa makini amefungwa na nini, kwa sababu vifungo havifanani.

Kifungo cha kwanza ni cha jirani. Muuguzi ana wagonjwa wake, mwalimu ana darasa la watoto wengi, na kijana ana wadogo zake anaowasomesha. Mtu huyu amechoka, lakini akiondoka kuna anayeumia.

Kifungo cha pili ni cha deni. Wako waliochukua mikopo ile ambayo watu wameibatiza jina la "kausha damu", ili kulipa kodi au kununua bidhaa, na sasa hufanya kazi kwa ajili ya riba. Huyu hazuiwi na jirani anayemhitaji, bali na mtu anayemdai.

Kifungo cha tatu ni cha heshima. Kijijini yajulikana kwamba aliyeko mpakani ana fedha. Hutajwa kwanza katika michango ya harusi na ya misiba, na kurudi nyumbani bila kitu ni aibu. Kwa hiyo hukaa katika chumba kimoja asichoweza kukilipia, akilinda sifa ya utajiri asiokuwa nao.

Mara nyingi vifungo hivi vitatu hukutana katika mtu mmoja. Lakini mchungaji akivichanganya vyote na kuviita wito, amembariki mkopeshaji kwa jina la Mungu.

Watoza ushuru watatu

Maandiko Matakatifu yana neno la pekee kwa mji wa forodha. Twasoma habari za watoza ushuru mara tatu, na kila mara jawabu ni tofauti.

Walipomjia Yohana Mbatizaji na kumwuliza watende nini, hakuwaamuru kuacha kazi yao, aliwaagiza wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa (Lk. 3:12-13). Lawi, mwana wa Alfayo, aliitwa akiwa ameketi forodhani, akaondoka papo hapo (Mk. 2:14), na Luka aongeza kwamba aliacha vyote (Lk. 5:28). Zakayo wa Yeriko hakuambiwa aondoke wala akae, lakini wokovu ulipoingia nyumbani mwake, mali yake ilianza kuwarudia maskini na wale aliowadhulumu (Lk. 19:8-9).

Basi mtu hawezi kusema kwamba Injili humtaka kila mmoja akae alipo, wala kwamba humtaka kila mmoja aondoke. Kinachofanana katika habari zote tatu ni kwamba kazi ya forodhani ilipoteza mamlaka ya mwisho juu ya mtu. Aliyebaki alibaki kwa namna nyingine, na aliyeondoka aliondoka kwa sababu ya Bwana aliyemwita.

Mtume Paulo naye huelekea kusomwa nusu. Twakumbuka kwamba awausia Wakorintho kila mtu akae katika hali aliyoitiwa (1 Kor. 7:20). Lakini katika mstari unaofuata amwambia mtumwa asihangaike kwa ajili ya utumwa wake, ila akipata nafasi ya kuwa huru, aitumie. Tafsiri za mstari huu zimebishaniwa na wataalamu, lakini mstari wa 23 hauachi shaka: walionunuliwa kwa thamani wasijifanye watumwa wa wanadamu.

Barua ya mwaka 1527

Luther mwenyewe alipata kuulizwa swali lililo karibu na hili. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Mtawala wa Saksonia aliagiza Luther na walimu wa chuo kikuu wahamie Jena. Chuo kikahama, lakini Luther alibaki pamoja na mchungaji Bugenhagen, na nyumba yake ikawa mahali pa kuwauguzia wagonjwa. Katika miezi hiyo aliwaandikia wachungaji wa Breslau, kupitia kwa Johann Hess, waliokuwa wameuliza kama ni halali kwa Mkristo kuukimbia mji wenye tauni.

Tungeweza kutazamia kwamba mtu aliyebaki angewahukumu waliokimbia. Hakufanya hivyo. Alikubali kwamba kuulinda uhai ni jambo ambalo Mungu ameliweka ndani ya mwanadamu, na akawataja watu wa Mungu katika Maandiko waliokimbia hatari bila kulaumiwa. Kisha aliweka mpaka. Wachungaji, watawala, wazazi, watumishi na mabwana wao, na yeyote ambaye jirani yake hana mwingine wa kumsaidia, hawana ruhusa ya kuondoka na kumwacha. Lakini pale ambapo wako wa kutosha kuwahudumia walioachwa, mtu yu huru kwenda au kukaa, wala asimhukumu mwenzake. Aliwakemea pia wanaomjaribu Mungu kwa kudharau dawa na tahadhari, wakiona kwamba huo ndio ushujaa wa imani.

Ni kweli kwamba kodi ya nyumba si tauni. Lakini kanuni ni ile ile: jirani ndiye amfungaye Mkristo mahali. Mshahara, sifa au mazoea havina nguvu hiyo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lasimama hapo hapo. Kifungu cha 16 chahesabu utawala, mikataba na mali kuwa mambo halali kwa Mkristo, na kifungu cha 27 chakataa kwamba ukamilifu hupatikana kwa kuukimbia ulimwengu na kuingia utawani. Basi asiyepaswa kuukimbia mji kwa kudhani kwamba kijijini kuna utakatifu zaidi, asidhani vilevile kwamba kuteseka mjini kwenyewe ni utakatifu.

Watu wa Tunduma walilionja jambo hili mwezi Mei 2020, wakati Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona. Ilijulikana kwa muda mfupi jinsi riziki ya mji mzima inavyoning'inia kwenye lango moja, na jinsi mtu wa kibarua asivyokuwa na akiba ya siku chache.

Yampasayo mchungaji

Kwanza, katika mazungumzo ya uchungaji, swali la mapato lisitangulie. Mwulize mshariki: Ni nani hapa akutegemeaye kiasi kwamba hakuna mwingine? Jibu lake litaonyesha kama yuko katika wito au katika kifungo. Akiwa na mtu wa namna hiyo, msaidie kukaa. Asipokuwa naye, mpe uhuru wa kuchagua bila kumtia hatia.

Pili, anayekaa asaidiwe kubeba. Sharika zetu nyingi zilirithi taratibu za vituo vya misioni vya vijijini, ambako kazi hufuata majira ya mvua na mavuno. Wakala wa forodha na dereva hawaishi kwa majira hayo. Ibada fupi ya katikati ya juma na jumuiya inayokutana saa ambazo watu wamemaliza kazi si kuilegeza imani, kwa kuwa sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu (Mk. 2:27). Tena usharika uangalie ahadi na michango yake, isije ikawa mdai mwingine mlangoni pa mtu ambaye tayari anadaiwa. Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyoendeshwa kwa uaminifu ni diakonia ya kweli hapa.

Tatu, anayeondoka abarikiwe. Apewe barua yake ya uhamisho mbele ya usharika, naye mchungaji wa kule aendako ajulishwe. Mchungaji wa kijijini ana kazi kubwa zaidi: kuwafundisha jamaa kwamba mtoto aliyerudi hajashindwa, na kwamba aliyeko mpakani si kisima kisichokauka.

Nne, wale walioishika kamba wahubiriwe pia. Mwenye nyumba apandishaye kodi kwa kuwa mpangaji hana pa kwenda, na mkopeshaji wa riba nzito, yamkini wameketi katika viti vya mbele. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akieleza amri ya saba, Luther ahesabu udanganyifu wa sokoni na upandishaji wa bei kuwa wizi. Na katika Katekisimo Ndogo, mkate wa kila siku hujumlisha nyumba, amani na majirani wema. Anayesali Baba Yetu huiombea hata kodi ya mpangaji wake.

Hitimisho

Nasi watumishi wa Neno hatuko nje ya jambo hili. Mchungaji aliyepangiwa mji wa mpakani naye hulipia maji, husikia malori usiku, na huenda akahesabu miezi hadi uhamisho wake. Kwake barua ya 1527 ni nzito zaidi, kwa kuwa Luther amtaja mchungaji miongoni mwa wasio huru kuondoka kwa hiari yao. Lakini hata kwake Luther aliacha nafasi: wakiwapo wahudumu wa kutosha, wengine waweza kupumzishwa. Basi dayosisi impangiayo mtu mmoja mji wa watu laki mbili yapaswa kujiuliza kama imempa wito au imemfunga.

Yeremia aliwaandikia watu waliopelekwa Babeli kinyume cha mapenzi yao, akiwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea mji ule amani (Yer. 29:5-7). Barua hiyo hiyo iliwaahidi kwamba watarudishwa (Yer. 29:10). Mchungaji wa Tunduma hana budi kuyasoma yote mawili mbele ya washarika wake, bila kuruka mstari wowote.