Mjamzito anapoogopa kliniki ughaibuni: Sheria za miji ya Marekani zinavyomlinda, na zinapoishia

Saa tatu usiku simu inalia Tanga. Ni binti aliyeko Minneapolis, Marekani, ambako bado ni mchana. Mimba ina miezi saba, uso na mikono imemvimba, na kichwa kinamuuma tangu juzi.

“Umeenda kupima presha, mwanangu?” mama anauliza.

“Sijaenda, mama. Kibali changu kimeisha. Naogopa kutoka.”

Huo ni mfano tu, lakini familia nyingi zenye ndugu Marekani wanaujua. Kwa mtaalamu wa afya ya uzazi, jibu la binti huyo linatisha kuliko suala la kibali. Kuvimba uso na mikono pamoja na maumivu makali ya kichwa ni dalili za hatari za shinikizo la damu la ujauzito, ambalo lisipotibiwa mapema huweza kuleta kifafa cha mimba na kuua mama na mtoto.

Baadhi ya miji ya Marekani iliiona hofu hiyo miaka mingi iliyopita na kuitungia sheria. Miji hiyo huitwa miji ya hifadhi. Jina hilo huwafanya wengi wadhani kuwa mhamiaji akifika huko hawezi kukamatwa. Sivyo, na familia iliyo nyumbani inahitaji kuijua tofauti hiyo kabla ya kumshauri ndugu yao.

Zilianza na polisi

Mwaka 1979, polisi wa Los Angeles walipewa amri ya kutoanza kumhoji mtu kwa lengo la kujua hali yake ya uhamiaji. Sababu ilikuwa ya kikazi: mtu aliyeibiwa, aliyepigwa au aliyeshuhudia uhalifu akiogopa polisi, mhalifu hakamatwi. Chicago ilifuata mwaka 1985 kwa amri ya meya wake, Harold Washington. San Francisco ilitunga sheria yake mwaka 1989, na Minneapolis ikawa na yake mwaka 2003.

Ingawa zinatofautiana, nyingi ya sheria hizo zina mambo mawili makuu.

La kwanza ni kutouliza. Sheria ya nchi ya mwaka 1996 inazuia miji kuwakataza watumishi wake kupeleka taarifa za uraia na uhamiaji kwa serikali kuu. Kwa hiyo miji ikachagua njia nyepesi: mtumishi asiulize kabisa, isipokuwa pale sheria inapomlazimu. Karani hawezi kupeleka asichokijua.

La pili linahusu mahabusu. Idara ya Uhamiaji na Forodha, ICE, hutuma ombi kwa jela ya eneo ili mtu ashikiliwe hadi saa 48 zaidi ya muda wake wa kuachiwa, maofisa wake waje kumchukua. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ilisema hilo ni ombi, si amri. Miji mingi ya hifadhi hulikataa pasipo hati iliyosainiwa na jaji.

Nguvu ya kukataa inatoka kwenye Katiba ya Marekani. Mwaka 1997, katika kesi iliyohusu ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki, Mahakama ya Juu iliamua kuwa serikali kuu haiwezi kuwaamuru maofisa wa majimbo na maeneo kutekeleza mpango wake. Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu, basi iifanye kwa watumishi wake yenyewe.

Baadhi ya miji ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2015, New York inatoa kitambulisho cha mkazi bila kuuliza hali ya uhamiaji. Mwaka 2019 ilianzisha mpango wa kuwapatia huduma hospitali za umma wakazi wasioweza kupata bima, kwa gharama inayolingana na kipato chao.

Hofu inafika hadi tumboni

Mei 12, 2008, maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama katika mji mdogo wa Postville, jimbo la Iowa, na kukamata wafanyakazi 389. Watafiti walipochunguza baadaye kumbukumbu za vizazi vya jimbo zima, walikuta kwamba katika wiki 37 baada ya uvamizi huo, hatari ya wanawake wenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati kuzaa watoto wenye uzito pungufu ilikuwa juu kwa asilimia 24, ikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia.

Ongezeko hilo lilionekana hata kwa akina mama waliozaliwa Marekani, ambao hakuna wa kuwafukuza. Kwa wanawake wazungu halikuonekana. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017.

Mtoto anayezaliwa na chini ya kilo 2.5 yuko katika hatari kubwa zaidi ya maambukizi, matatizo ya kupumua na kifo. Hofu ya mama, kwa maana hiyo, si jambo la kichwani tu.

Zinapoishia

Sheria ya mji humfunga mtumishi wa mji peke yake. Ofisa wa ICE anaweza kumkamata mtu ndani ya mji huohuo, barabarani au kazini. Mtu akikamatwa na polisi kwa kosa lolote na kuchukuliwa alama za vidole, alama hizo hufika serikali kuu. Sheria hizi pia hazimpi mtu kibali wala hazimfutii kosa la jinai.

Wapinzani wake wanasema zinawaachia wahalifu ambao wangekabidhiwa jela bila vurugu. Jimbo la Texas lilizipiga marufuku mwaka 2017, na Florida ikafanya hivyo mwaka 2019.

Hospitali nazo zimepoteza kinga moja. Tangu mwaka 2011, mwongozo wa serikali kuu uliwazuia maofisa kwa kawaida kukamata watu hospitalini, shuleni na makanisani. Januari 2025 mwongozo wa aina hiyo uliondolewa. Mwaka huohuo serikali kuu ilikabidhi idara ya usalama wa ndani taarifa za watu waliosajiliwa katika Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, kutoka baadhi ya majimbo, na suala hilo likafika mahakamani.

Familia imshauri nini?

Dharura haisubiri kibali. Sheria ya mwaka 1986 inazitaka karibu hospitali zote zenye idara ya dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa yeyote, pamoja na mama mwenye uchungu, bila kujali uraia wala fedha.

Kliniki isisimame. Vituo vya afya vya jamii hutoza kulingana na kipato. Kabla ya kujaza fomu, mgonjwa aulize kwa nini taarifa fulani inatakiwa na inakwenda wapi. Asidanganye wala kutumia kadi ya mtu mwingine. Anaweza kutojibu.

Aijue sheria ya mji anaoishi na ya jimbo lake, maana ukivuka mpaka mambo hubadilika. Suala la kibali alipeleke kwa mwanasheria wa uhamiaji, si kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Na nyumbani, mama aulize mambo mawili kila anapopiga simu: presha ilisoma ngapi, na kliniki ijayo ni lini. Yule mwenye kichwa kinachouma hapaswi hata kusubiri kliniki. Aende hospitali leo.