Zamu Nne Katika Shule Moja: Nani Atakaa na Mtoto?

Nyumba ya mfanyakazi wa mjini huendeshwa kwa saa mbili. Moja ni ile ya kiwandani au ofisini, ambayo mwenye nyumba hakuipanga yeye. Ya pili ni ya shule: siku ya kufungua, siku ya kufunga, majuma ya likizo. Saa hizo zikipatana hakuna anayezitazama. Zikikosana, baba na mama huanza kuulizana jioni ni nani atakayeomba ruhusa kazini, na kama shangazi anaweza kuja kukaa na watoto.

Katika wilaya ya Wake, jimbo la North Carolina nchini Marekani, ugomvi wa saa hizo mbili ulitoka sebuleni ukaingia katika ukumbi wa Halmashauri ya Elimu, na kutoka huko ukafika katika mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Wafaa kusimuliwa hata leo, kwa kuwa chanzo chake kinafahamika kwa kila mzazi wa mjini popote alipo: watoto wengi, madarasa machache.

Wake ndiyo wilaya yenye mji wa Raleigh, makao makuu ya jimbo. Jirani yake lipo eneo la maabara na makampuni ya utafiti liitwalo Research Triangle Park, lililoanzishwa mwaka 1959, na kazi za huko zimevuta watu kutoka kila upande. Mwaka 2000 wilaya ilihesabiwa kuwa na watu 627,846. Mwaka 2010 walikuwa 900,993. Mji uliokuwa na mashamba ya tumbaku pembezoni mwake ulijikuta umezungukwa na mitaa mipya, na kila mtaa mpya ulileta watoto wake.

Halmashauri ilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kujenga, na kwa kweli walijenga: mwezi Novemba 2006 wapiga kura walikubali wilaya ikope dola milioni 970 kwa ajili ya shule. Lakini hata fedha hizo hazikutosha kuwafikia watoto waliokuwa wakija. Ya pili ni kuchora upya mipaka, ili watoto wa mtaa uliojaa wapelekwe shule yenye nafasi. Ya tatu ndiyo iliyozua kelele: kuzigeuza shule za kawaida kuwa shule za mwaka mzima.

Hapa yafaa tueleze, maana jina hilo hupotosha. Mtoto wa shule ya mwaka mzima hasomi siku nyingi kuliko wenzake. Siku ni zilezile 180. Kinachobadilika ni mpango wake. Badala ya likizo moja ndefu ya kiangazi, mtoto husoma kwa siku 45 hivi, akapumzika siku 15, akarudi tena, na kuendelea hivyo mwaka mzima. Watoto wa shule hugawanywa katika makundi manne, na wakati wowote makundi matatu yamo madarasani na moja liko nyumbani. Chukua shule yenye nafasi 600. Kila kundi likiwa na watoto 200, shule hiyo huweza kuandikisha watoto 800 bila kuongeza tofali hata moja.

Wasomaji wa miji yetu wanaijua shule ya zamu mbili, ambayo watoto wa asubuhi huwapisha wale wa mchana kwenye madawati yaleyale. Mpango wa Wake ni ndugu wa huo, ila zamu zake ni za majuma, si za saa, na mtoto hapunguziwi muda wake wa kusoma kwa siku. Si wazo jipya. Wilaya ya shule ya Valley View, jimbo la Illinois, iliuanza mpango huu wa 45 kwa 15 mwaka 1970, kwa sababu hiyohiyo ya msongamano.

Wake nayo ilikwisha kuwa na shule kadhaa za namna hiyo kwa miaka mingi, nao waliosoma huko walikuwa wamechagua wenyewe. Ugomvi ulianza pale hiari ilipoondolewa. Kwa mwaka wa masomo ulioanza 2007, halmashauri iliamua kuzigeuza shule 22 kwa mara moja, nyingi zao zikiwa za msingi. Wazazi wakaungana, wakaenda mahakamani. Mwezi Mei 2007 hakimu aliamua kwamba mtoto hawezi kupangiwa shule ya mwaka mzima bila ridhaa ya mzazi wake. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ilitengua uamuzi huo, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ya jimbo ikamaliza shauri: sheria inaipa halmashauri uwezo wa kupanga kalenda na kumpangia mtoto shule, na ridhaa ya mzazi si sharti.

Kwa hesabu ya madawati, halmashauri ilikuwa na haki. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haikuandikwa katika vitabu vyake.

Mama anayefanya kazi hospitalini kwa zamu huweza, kwa taabu, kutafuta mlezi wa kiangazi kizima: vipindi vya makanisani, kambi za watoto, binti wa jirani aliyefunga chuo. Sasa anatakiwa kutafuta mlezi wa majuma matatu mwezi Oktoba, majuma matatu mengine baada ya miezi miwili, na kadhalika, wakati binti wa jirani yuko chuoni. Tena shule karibu zote za sekondari ya juu zilibaki na kalenda ya zamani. Kaka mkubwa, ambaye ndiye angemwangalia mdogo wake, yuko darasani siku ambazo mdogo yuko nyumbani. Na siku kaka anapofunga, mdogo anaamka saa kumi na mbili kwenda shule. Safari ya pamoja ya kuwaona bibi na babu huanza kupangwa kama mkutano wa kimataifa.

Mwalimu naye ana habari yake. Kwa kuwa vyumba ni pungufu kuliko madarasa, mwalimu ambaye kundi lake linakwenda likizo huhamisha vitu vyake, na arudipo hukuta chumba alichokiacha kina wenyewe. Baadhi yao hufungasha vitabu, ramani na kazi za watoto katika makabati yenye magurudumu mara kadhaa kwa mwaka. Na fundi wa rangi, aliyezoea kufanya kazi kiangazi shule ikiwa tupu, haikuti tupu tena.

Watetezi wa mpango walikuwa na hoja yenye uzito kuliko ile ya madawati. Walisema likizo ndefu humsahaulisha mtoto, hasa mtoto wa nyumba isiyo na vitabu, kwa hiyo likizo fupi zitamfaa. Ni hoja ya kupendeza, na mwandishi huyu angefurahi ingekuwa kweli. Wachumi wawili, Steven McMullen na Kathryn Rouse, walizichunguza alama za watoto wa Wake, kabla na baada ya mageuzi ya 2007, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Waliona kwamba kwa mtoto wa kawaida kalenda mpya haikuongeza wala kupunguza kitu cha maana. Mchumi mwingine, Jennifer Graves, alitazama upande wa akina mama, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2013 akaona kwamba mahali kalenda ya mwaka mzima inapotumika, akina mama wenye watoto wa umri wa shule hupungua katika ajira. Matofali ambayo wilaya haikuyanunua, kumbe baadhi yake yalilipiwa kwa mshahara wa mama.

Wapo pia waliotetea kiangazi kwa kudai kwamba ni urithi wa wakulima, ambao watoto wao walihitajika mashambani. Hiyo si sahihi. Shule za vijijini Marekani katika karne ya 19 zilifunga majira ya kupanda na ya kuvuna. Za mijini zilisoma karibu mwaka wote. Likizo ndefu ya kiangazi ililetwa zaidi na joto la mijini na desturi za watu wenye uwezo wa kusafiri. Hata mwaka 2004, North Carolina ilipopitisha sheria ya kuzuia shule za kawaida zisifunguliwe kabla ya Agosti 25, waliosukuma kwa nguvu ni pamoja na wenye biashara za utalii. Shule za mwaka mzima ziliachwa nje ya sheria hiyo.

Suala la mipaka lilikuwa zito zaidi, kwa sababu liligusa nani asome na nani. Tangu mwaka 2000 Wake ilikuwa na lengo kwamba shule isiwe na zaidi ya asilimia 40 ya watoto wanaostahili chakula cha bure au cha bei nafuu, yaani watoto wa maskini. Ili kulitimiza, na ili kujaza kila shule mpya, ramani ilichorwa tena na tena, na wapo watoto waliohamishwa zaidi ya mara moja. Wazazi wa mitaa ya pembezoni walichoka. Uchaguzi wa Oktoba 2009 ulileta halmashauri mpya, na mwezi Machi 2010, kwa kura 5 dhidi ya 4, lengo hilo likafutwa. Wengine waliona huko ni kurudi kwenye shule za matajiri na shule za maskini. Katika mikutano ya Juni na Julai mwaka huo polisi waliwakamata waandamanaji, akiwamo Mchungaji William Barber, kiongozi wa chama cha NAACP katika jimbo.

Halmashauri hiyo mpya iliwauliza pia wazazi kama wanataka kalenda ya zamani irudishwe. Wengi walijibu kwamba wameridhika na shule zao zilivyo, na shule chache tu ndizo zilizobadilishwa. Wengine walikwisha kupata walezi, makambi ya majuma matatu yalikwisha kufunguliwa, na baadhi yao walikuwa wameanza kuupenda mwezi wa Oktoba, ambapo hoteli za pwani ni rahisi. Hii haina maana kwamba waliolalamika mwaka 2007 walilalamika bure. Aliyeshindwa kupata mlezi alikwisha kuacha kazi au kuhama shule, wala hayumo katika hesabu ya walioridhika.

Mji wa Los Angeles, uliotumia mpango wa zamu tangu miaka ya 1970, ulikopa, ukajenga shule mpya zaidi ya 100, na mwaka 2017 shule yake ya mwisho ikaachana na zamu. Wake haijafika huko. Baadhi ya shule zake za msingi bado zina makundi manne, na bado kila mwaka familia zinazohamia Raleigh huuliza kundi la mtoto kabla ya kuuliza kodi ya nyumba.